Kuti kavu la Lincoln: kisa cha kocha Scott Frost

Jumapili ya tarehe 11 Septemba 2022, Chuo Kikuu cha Nebraska kilimfuta kazi kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Scott Frost. Usiku wa kuamkia siku hiyo timu yake ilikuwa imelala nyumbani 45-42 mbele ya Georgia Southern, chuo kidogo kilicholipwa zaidi ya dola milioni 1.4 kije kucheza. Mechi za namna hiyo hununuliwa ili mgeni aje, apigwe, achukue hundi yake, arudi kwao. Kwa kumtimua siku hiyo, Nebraska ilijibebesha deni la kumlipa Frost dola milioni 15. Kama ingevuta subira mpaka tarehe 1 Oktoba, siku 20 tu mbele, fidia ingeshuka hadi milioni 7.5.

Yaani uongozi ulimwongezea kocha msimu mzima, ukakaa naye mezani kuandika mkataba upya ili kumsubiri kuwe kwa bei nafuu, kisha ukashindwa kumsubiri wiki tatu za mwisho. Mashabiki walikuwa wamebishana kwa misimu kadhaa. Wapo waliosema apewe muda, wapo waliosema aondoke hata kesho. Pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito, na nitazipitia. Lakini nikilipitia faili zima, naona kwamba muda uliozigharimu pande zote mbili haukutolewa 2021 wala 2022, miaka ambayo ubishi ulipamba moto. Ulitolewa Novemba 2019, kimyakimya, wakati kocha alikuwa bado na misimu mitano mkononi na hakuna kilicholazimisha kuongeza hata mmoja.

Kwa msomaji aliyezoea ligi zetu, ambako kocha akimaliza misimu miwili anaonekana mzee wa klabu, inabidi nieleze kwanza Nebraska ni mahali gani.

Ni jimbo la mahindi na ng'ombe katikati ya Marekani, lenye watu wanaokaribia milioni 2. Halina timu ya ligi kuu ya kulipwa, iwe ya futiboli, ya kikapu au ya besiboli. Lina Cornhuskers, timu ya chuo kikuu cha jimbo, mjini Lincoln. Siku ya mechi Uwanja wa Memorial hubeba watu zaidi ya 85,000, na wenyeji hupenda kutamba kwamba Jumamosi hiyo uwanja unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa jimboni, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Tangu Novemba 1962 tiketi zimekuwa zikihesabiwa kuisha kila mechi ya nyumbani. Rekodi hiyo inalindwa kama mboni ya jicho. Mwanzoni mwa msimu wa 2021 mechi dhidi ya Fordham ilibakiza tiketi, wafadhili wakanunua zaidi ya elfu mbili zikagawiwa vijana wa familia zisizojiweza, ili mradi hesabu isikatike. Ukitaka kujua timu inaumwa kiasi gani, angalia mambo kama hayo kabla ya kuangalia msimamo wa ligi.

Na timu yenyewe iliwahi kuwa moto wa kuotea mbali. Imetwaa ubingwa wa taifa mara 5: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Kocha Tom Osborne alikaa hapo kuanzia 1973 hadi 1997, akashinda mechi 255, akapoteza 49 na kutoka sare 3. Katika ubingwa ule wa mwisho aliyekuwa kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alikuwa kijana aliyekulia Wood River, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Ndiye Scott Frost. Walimaliza 13-0, yaani ushindi 13 bila kipigo, kwa kuichapa Tennessee 42-17 katika mechi ya mwisho. Enzi hizo bingwa alipatikana kwa kura, na baada ya mechi Frost alisimama mbele ya kamera kuwasihi makocha wanaopiga kura waitazame Nebraska kwa haki. Waandishi wa habari waliipa Michigan, makocha wakaipa Nebraska. Watu wa Lincoln hawajaisahau hotuba ile.

Sasa mlete mtu huyo nyumbani miaka 20 baadaye, tena akiwa kocha aliyeichukua UCF, timu ya chuo ya Florida, iliyotoka kupoteza mechi zote 12 za mwaka 2015 na kuifanya timu isiyofungwa mwaka 2017. Nebraska ilimpa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 35. Desemba 2017 hapakuwa na kambi mbili. Palikuwa na shangwe tu.

Mzimu wa Frank Solich

Subira ya mashabiki wa Nebraska ina historia yake, na bila historia hiyo huwezi kuelewa kwa nini walimvumilia Frost kuliko ambavyo timu nyingi kubwa zingemvumilia.

Osborne alipostaafu alimwachia kiti msaidizi wake, Frank Solich. Solich alishinda 58 na kupoteza 19. Mwaka 2003, akiwa ametoka kushinda mechi 9 kati ya 12 za msimu wa kawaida, mkurugenzi wa michezo wa wakati huo, Steve Pederson, alimwondoa. Hoja ilikuwa kwamba Nebraska haiwezi kukubali kuwa timu ya kawaida. Akaja Bill Callahan, akamaliza na 27-22. Akaja Bo Pelini, mtu wa hasira na mdomo, lakini misimu yake yote 7 alishinda mechi 9 au 10. Naye akafukuzwa mwishoni mwa 2014. Akaja Mike Riley, 19-19, akaondoka baada ya msimu wa 4-8.

Kwa hiyo mwaka 2018 shabiki wa Nebraska alikuwa na jambo rohoni. Alikuwa ameona kwa macho yake makocha wawili wa ushindi 9 wakitupwa nje kwa sababu 9 haitoshi, na kila mara aliyefuata akawa dhaifu zaidi. Ukimwambia kwamba Frost naye atimuliwe, jibu lilikuwa tayari mdomoni: tulimtimua Solich, tumepata nini? Jibu hilo lilikuwa na nguvu kuliko takwimu yoyote. Lakini lilikuwa na tundu moja ambalo watu hawakutaka kulitazama. Solich na Pelini walitimuliwa wakishinda. Frost hakuwahi kufika hapo hata siku moja.

Msimu wa kwanza, 2018, mechi ya kufungua dhidi ya Akron ilifutwa kwa ajili ya radi. Kisha vikaja vipigo sita mfululizo, mwanzo mbaya kuliko wowote katika historia ya timu, kikiwemo cha 56-10 mikononi mwa Michigan. Walimaliza 4-8. Mwaka huo Frost alisema anayetaka kuwapiga awapige sasa, kwa sababu wanazidi kuwa bora. Mashabiki wengi waliamini, na sioni kosa kuamini mwaka wa kwanza. Msimu wa 2019 timu ilianza ikiwa nafasi ya 24 katika orodha ya waandishi kabla mechi haijachezwa hata moja. Ilimaliza 5-7.

Novemba 2019

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Tarehe 16 Novemba 2019 Nebraska ilikuwa na ushindi 4 na vipigo 5. Siku hiyo mkurugenzi wa michezo, Bill Moos, alitangaza kwamba Frost ameongezewa miaka 2, mkataba sasa unafika 2026. Siku hiyo hiyo wakafungwa na Wisconsin 37-21. Wiki mbili baadaye Iowa wakawachapa 27-24 kwa shuti la dakika za lala salama, na nafasi ya kucheza mechi ya mwisho wa mwaka, ambayo hudai angalau ushindi 6, ikayeyuka.

Kwa nini umwongezee mkataba kocha mwenye 4-5 ambaye mkataba wake wa kwanza ungemfikisha 2024? Sababu ipo, na inatumika Marekani nzima. Kijana wa sekondari anayetafutwa na vyuo kumi anataka uhakika kwamba kocha aliyemfuata nyumbani atakuwepo mpaka amalize masomo. Mkataba ukipungua, wapinzani wanamnong'oneza mzazi kwamba yule jamaa kibarua chake kitaota nyasi muda si mrefu. Basi vyuo huongeza miaka kama kawaida, ili kuziba midomo. Isitoshe, kocha ambaye jina lake bado linauzika anaweza kutazamwa na wengine, na mkurugenzi anaogopa kuachwa mikono mitupu.

Sababu hizo mimi nazielewa. Ila nyongeza haileti ushindi, inaleta fidia. Mkataba wa awali ungeacha misimu mitatu baada ya 2021. Nyongeza ikaifanya mitano. Ndiyo maana mashabiki walipoanza kuulizana kwa sauti Novemba 2021 kama Frost aondoke, bei ya kumwondoa ilikuwa dola milioni 20. Ubishi wote wa mwaka huo, hata kama wabishi hawakujua, ulikuwa unafanyika ndani ya chumba ambacho Moos alishakifunga kwa nje. Yeye mwenyewe alistaafu katikati ya 2021, na mzigo ukamwangukia Trev Alberts, mchezaji mwingine wa zamani wa Nebraska.

Namba iliyowachanganya wote

Msimu wa 2021 ni wa ajabu kabisa. Nebraska ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Lakini jumlisha pointi: walifunga 335, wakafungwa 272. Timu iliyopoteza robo tatu ya mechi zake ilikuwa na pointi 63 za ziada. Vipigo vyote tisa vilikuwa vya tofauti ya pointi 9 au pungufu, na vinane kati ya hivyo ni vya pointi 8 au chini, yaani tofauti ambayo shambulizi moja lingeweza kuifuta. Michigan, waliokuja kuwa mabingwa wa ligi ya Big Ten mwaka huo, waliponea 32-29. Oklahoma 23-16. Ohio State 26-17.

Hapa kambi ya "mpeni muda" ilipata silaha yake bora. Watu wa takwimu wana kanuni ambayo mara nyingi ni kweli: mechi za tofauti ndogo huamuliwa na bahati kwa kiasi kikubwa, na bahati haikai upande mmoja. Timu ya 3-9 yenye +63 mwaka unaofuata itapanda, hata usipobadilisha chochote. Walisema kumtimua kocha wa namna hiyo ni kuuza shamba wiki moja kabla ya mavuno. Nami nakiri hoja hiyo ni nzuri. Kama ningeambiwa namba za msimu huo mmoja tu bila jina la kocha, ningeiunga mkono.

Lakini Frost hakuwa na msimu mmoja. Kufikia mwisho wa 2021, tangu afike, rekodi yake katika mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au chini ilikuwa ushindi 5 na vipigo 20. Tuseme kila mechi ya aina hiyo ni kurusha sarafu. Uwezekano wa kupata ushindi 5 au pungufu katika mirusho 25 ni kama mara 2 kwa kila 1,000. Mwaka huo Marekani ilikuwa na timu 130 za daraja hilo na miaka ni mingi, kwa hiyo mtu mmoja mwenye nuksi ya kiwango hicho atapatikana siku moja. Sawa. Ila kabla sijaiita nuksi ningependa kuangalia vipigo vyenyewe vilivyokuja.

Tarehe 25 Septemba 2021, East Lansing. Nebraska wanaongoza 20-13 dhidi ya Michigan State, zimebaki dakika zisizofika nne. Safu yao ya ulinzi imefanya kazi ambayo huioni kila siku: kipindi chote cha pili wenyeji wamesogea yadi 14 tu. Wanachotakiwa kufanya Nebraska ni kuupiga mpira mbali na kuwaachia wapinzani uwanja mrefu wa kupanda. Mpira ukapigwa. Ukaenda upande mmoja. Wachezaji waliopaswa kuufuata wakakimbilia upande mwingine. Jayden Reed akaudaka akiwa peke yake, mbele yake pakiwa peupe, akakimbia yadi 62 mpaka mwisho wa uwanja. Ikawa 20-20. Katika muda wa nyongeza pasi ya kwotabeki Adrian Martinez ikanaswa, na mchezo ukaisha 23-20.

Bahati mbaya? Huenda, kama ingekuwa mara moja. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Illinois, mchezaji wa Nebraska aliudaka mpira wa mkwaju karibu kabisa na mstari wa goli lake na kuwazawadia wapinzani pointi 2. Dhidi ya Oklahoma, shuti la pointi ya ziada, lile ambalo hufungwa karibu kila mara, lilizuiwa na kurudishwa uwanja mzima kwa pointi 2. Dhidi ya Iowa, mechi ya mwisho, waliongoza 21-6, wakazuiwa mkwaju uliogeuzwa kuwa tachidauni (bao kubwa la kufikisha mpira mwisho wa uwanja), wakafungwa pointi 22 mfululizo na kulala 28-21.

Vipigo vinne kati ya tisa vina kidole cha idara moja: vikosi vya mikwaju, vinavyoingia uwanjani mpira unapopigwa kwa mguu. Hiyo ndiyo idara inayotegemea mazoezi na mpangilio kuliko kipaji. Huhitaji nyota wa dola milioni. Unahitaji wachezaji 11 wanaojua mpira unaenda upande gani. Na msimu huo Frost hakuwa na kocha aliyeshughulikia vikosi hivyo peke yake. Kazi ilibebwa na mtu aliyekuwa pia na kikosi kingine cha kufundisha. Hayo hayaamuliwi na sarafu. Yanaamuliwa na kocha mkuu anapogawa nafasi za benchi lake la ufundi.

Kwa hiyo kambi ya pili, ile ya "aondoke", ilikuwa na jawabu sahihi. Ila kwa sehemu kubwa ilifika hapo kwa njia mbovu: kelele kuhusu sura yake pembeni ya uwanja, kuhusu namna anavyojibu waandishi, kuhusu kuwalaumu wachezaji. Mambo ya baa. Namba yao kubwa ilikuwa kwamba hajawahi kuifunga timu yoyote iliyokuwa katika orodha ya 25 bora, na hiyo ilikuwa kweli, alikuja kuondoka na 0-14. Lakini timu inayotoka chini haipimwi kwanza kwa kuwafunga vigogo. Inapimwa kwa makosa ambayo imeacha kuyafanya.

Mifano iliyotajwa, na kwa nini haikufaa

Katika ubishi wa aina hii kila mtu huja na kocha wake wa mfano.

Wazee wa Nebraska walikuwa na Osborne mwenyewe. Alipoteza kwa Oklahoma miaka mitano mfululizo kabla ya kuwafunga 1978, na ubingwa wa taifa hakuuonja mpaka 1994, msimu wake wa 22. Mfano mtamu, lakini Osborne alikuwa akishinda angalau mechi 9 kila mwaka huku akiitwa mtu asiyejua kumalizia. Si shida ya Frost hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi ni Frank Beamer wa Virginia Tech. Naye alikuwa mtoto wa nyumbani. Baada ya misimu sita alikuwa na 24-40-2, namba ya mwisho ikiwa sare, na ule wa sita, 1992, uliisha 2-8-1. Hakuna aliyekuwa akimlaumu mtu kwa kutaka aondoke. Chuo kikamwacha, akabadilisha wasaidizi, 1993 akashinda 9, na msimu wa 1999 timu ikafika mechi ya ubingwa wa taifa. Alidumu mpaka 2015. Kila kocha anayekalia kuti kavu Marekani ana shabiki mmoja anayelitaja jina la Beamer. Tatizo ni kwamba Beamer aliichukua timu iliyokuwa na adhabu za chama cha michezo ya vyuo, nafasi zake za kusajili zikiwa zimepunguzwa, na katikati ya safari alikuwa ameshaonyesha misimu miwili ya ushindi mwingi kuliko vipigo. Frost alikuwa na uwanja uliojaa, pesa tele, na hakuwa na msimu hata mmoja wa namna hiyo.

Na wakati huo huo alikuwepo Jim Harbaugh wa Michigan. Baada ya msimu mbovu wa 2-4 wakati wa korona, Januari 2021 alisaini mkataba mpya uliopunguza mshahara wake karibu nusu, akabadilisha kocha wa ulinzi, na msimu uliofuata akaifunga Ohio State 42-27 na kutwaa Big Ten. Mwaka 2023 akawa bingwa wa taifa, 15-0. Novemba 2021, huku Michigan ikipaa, Nebraska ilifanya karibu jambo hilo hilo kwa Frost. Kwa karatasi, visa hivi viwili vinafanana kama mapacha. Lakini misimu mitano ya kwanza ya Harbaugh ilikuwa 47-18. Alikuwa anarudishwa mahali alipowahi kufika.

Mwaka wa ziada

Tarehe 8 Novemba 2021, timu ikiwa 3-7, Alberts alitangaza kwamba Frost anabaki. Mshahara ulishuka kutoka milioni 5 hadi 4. Fidia ilishuka hadi milioni 15, na ingeshuka tena hadi 7.5 ikifika tarehe 1 Oktoba 2022. Wasaidizi wanne wa upande wa mashambulizi walifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Kama biashara, Alberts alicheza vizuri karata mbaya alizorithi. Asiyeweza kulipa 20 leo anatafuta kulipa 7.5 kesho. Lakini mashabiki waliambiwa huo ni mwaka wa matumaini, na uongozi nao ukajiaminisha hivyo. Ukiwa na tarehe ya punguzo ndani ya mkataba, ratiba inakuwa mtego: mechi nne za kwanza zilikuwa kabla ya tarehe hiyo. Kila kipigo cha Agosti na Septemba kingekuwa na bei yake.

Cha kwanza kikaja Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti, dhidi ya Northwestern. Nebraska waliongoza 28-17 katika robo ya tatu. Wana mpira wa kuanzisha. Frost akaamuru mkwaju mfupi wa kuvizia, ule ambao unaupiga yadi chache ukitumaini kuudaka mwenyewe. Timu inayoongoza kwa pointi 11 haina sababu ya kuucheza. Northwestern wakauchukua, wakafunga, wakageuza mchezo na kushinda 31-28. Baadaye Frost alikubali kwamba uamuzi ule ulikuwa wake. (Siku hiyo mfumo wa malipo uwanjani uligoma na bia ikagawiwa bure, kwa hiyo wapo Wanebraska walioivuka tena Atlantiki kurudi kwao wakiwa na kumbukumbu moja nzuri.) Benchi jipya, kocha maalumu wa mikwaju ameshaajiriwa, kwotabeki mpya ametoka Texas, na mechi ya kwanza kabisa inapotea kuanzia kwenye mkwaju ulioagizwa na kocha mkuu. Kwangu mimi faili lilifungwa pale Dublin. Georgia Southern, waliosogea yadi 642 na kufunga tachidauni ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 36, waligonga muhuri tu. Kabla ya usiku huo, Nebraska haikuwahi kupoteza nyumbani ilipofunga pointi 35 au zaidi: mechi 214, ushindi 214.

Jumla ya Frost ikawa 16-31, na mechi za tofauti ndogo 5-22.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likipewa uzito wake. Miaka yote minne, lawama nyingi za mashabiki zilimwangukia Martinez, kwotabeki aliyeangusha mipira na kutupa pasi kwa maadui. Msimu wa 2021 pasi zake 10 zilinaswa. Kanuni mpya ya mwaka huo iliwaruhusu wachezaji kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu, naye akahamia Kansas State. Tarehe 17 Septemba 2022, Jumamosi ya kwanza baada ya Frost kuondoka, Oklahoma walikuja Lincoln wakawachapa Nebraska 49-14. Wiki moja baadaye Martinez alikwenda uwanjani kwa Oklahoma hao hao na Kansas State, akahusika na tachidauni tano, wakashinda 41-34. Msimu ule mzima pasi yake ilinaswa mara moja.

Kanuni hiyo ya kuhama imebadilisha hata maana ya ubishi. Zamani "mpeni muda" ilikuwa na msingi wa kilimo: wachezaji husajiliwa wakiwa na miaka 18, wakakomaa baada ya misimu mitatu, kwa hiyo kocha hahukumiwi kabla hajavuna aliowapanda mwenyewe. Sasa nusu ya kikosi inaweza kununuliwa kati ya msimu mmoja na unaofuata. Anayeomba miaka minne leo anapaswa kueleza anaisubiri mbegu ipi.

Mickey Joseph aliimalizia timu ule msimu kama kocha wa mpito, akaifunga Iowa 24-17, jambo ambalo Frost hakuliweza hata mara moja. Kesho yake akatangazwa Matt Rhule, miaka 8, dola milioni 74. Msimu wake wa kwanza ulikuwa 5-7, vipigo vinne vya mwisho vyote vya tofauti ya pointi 7 au chini, na mashabiki walianza tena pale pale walipoachia. Wa pili ulikuwa 7-6 na ushindi dhidi ya Boston College jijini New York, mechi ya kwanza ya mwisho wa mwaka tangu 2016.

Tarehe 30 Oktoba 2025 timu ilikuwa 6-2. Penn State, chuo alichosoma Rhule, kilikuwa kinatafuta kocha, na jina lake lilikuwa linatajwa. Nebraska ikamwongezea miaka 2, mpaka 2032. Siku mbili baadaye USC wakawafunga Lincoln 21-17.